Ufagio na Kifuniko

Tumbo la Mzee Kupaza lilianza kujaa wakati wa mvua za vuli. Daktari Hidaya Shekiondo alilitambua hilo kabla ya mwenyewe, kwa jinsi mzee alivyokuwa akifunga mkanda wa suruali: wiki hii tundu moja nje, wiki ijayo jingine. Ini lake lilikuwa na saratani ya siku nyingi. Vidonge viliibana ikanyamaza, na katika kunyamaza kwake mzee alipata muda wa kuchonga viti vyote vya ukumbi wa chakula, maana alikuwa seremala tangu ujana wake. Sasa ilikuwa imeamka, na vidonge havikuwa vimebadilishwa.

Hidaya alimtoa damu akimwambia ni kipimo cha kawaida, akaenda nayo maabara, akafunga mlango. Alikuwa na wazo moja tu kichwani, na alitaka mashine imwambie kwamba amekosea. Mashine haikumwambia hivyo. Katika damu ya Mzee Kupaza mlikuwa na Ufagio.

Akarudia kipimo. Akapima damu ya mgonjwa mwingine, na mwingine tena. Mwisho akajitoboa kidole chake mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa imefagiwa.

Nyumba hiyo watu waliiita Nyumba ya Juu. Ilikuwa imejengwa ukingoni mwa msitu wa Magamba, huko ambako barabara ya kutoka Lushoto huchoka ikawa njia ya miguu, kwa ajili ya watu ambao Ufagio uliwakuta wamekwisha kuugua saratani. Hakuna aliyefagiwa aliyeruhusiwa kuvuka lango lake. Mboga zilichemshwa kabla ya kuingia jikoni. Ndugu waliokuja kusalimia walikaa upande wa pili wa kioo kinene, wakazungumza kwa simu ya ukutani, wakapunga mkono, wakashuka zao. Hidaya alikuwa mzima wa afya, lakini alikataa kufagiwa ili aweze kuwatibu, na kwa ajili hiyo hakuwa amemgusa binti yake, Mwajabu, tangu binti huyo alipokuwa sekondari. Sasa Mwajabu alikuwa mke wa mtu na mimba yake ilikuwa kubwa. Hidaya aliiona ikikua kwenye kioo.

Ufagio lilikuwa jina la mitaani. Kwenye karatasi za Taasisi ya utafiti iliyoutunga, ulikuwa na jina refu la herufi na namba. Ndani ya kila seli ya mwili mna RNA za namna nyingi. Baadhi hubeba maagizo ya kutengeneza protini, lakini zilizo nyingi hazitengenezi kitu, na wataalamu wa zamani walizipita kama mtu anavyopita makapi uwanjani, hadi walipogundua kwamba makapi hayo ndiyo yanayotoa amri. Zile fupi huziba midomo ya jeni. Zile ndefu huzinyonya zile fupi kama sifongo inavyonyonya maji, na jeni zilizozibwa zikapata kusema tena. Ufagio ulikuwa RNA ndefu ya namna hiyo, iliyotungwa maabara, na kazi yake ilikuwa kuzinyonya zile fupi zinazoizuia seli isijile. Seli ikiachiwa kujila huokota takataka zake, protini zilizopinda na viungo vilivyochakaa, ikavifungia kwenye vifuko, ikaviyeyusha, ikapata chakula na nyumba safi. Seli inayojisafisha hivyo kila siku ni nadra kuharibika ikawa saratani. Tena Ufagio ulipewa miguu: ulitoka mwili hadi mwili kwa pumzi, hata asiyechanjwa akafagiwa na jirani yake.

Lilikuwa jambo jema, na Hidaya hakuwahi kulikana. Lakini seli ya saratani nayo ni seli. Ikibanwa na dawa, ikikosa damu ya kuilisha, Ufagio huifundisha kujila kidogo kidogo ikavuka njaa, kama mtu anayevunja kitanda chake apate kuni za kupikia, na kukicha bado yu hai. Aliyekuwa mzima Ufagio ulimkinga. Aliyekuwa na uvimbe tayari, Ufagio uliulisha uvimbe wake. Ndiyo maana ya kile kioo.

Na mtu fulani alikuwa amekipita.

Hidaya aliwakusanya wafanyakazi jikoni. Hakuhitaji kuuliza mara mbili. Saumu, nesi mgeni aliyeletwa na Taasisi mwanzoni mwa mvua, alikuwa amesimama karibu na sinki, akasema ni yeye. Akasema Profesa Kalumuna, mkuu wa Taasisi, ndiye aliyempima, ndiye aliyemwandikia kwamba hajafagiwa, ilhali wote wawili walijua amefagiwa tangu utotoni.

Kwa muda Hidaya hakuona kitu mbele yake. Alitaka kumshika yule msichana mabega na kumtikisa mpaka meno yagongane.

"Alikwambia nini?" aliuliza.

"Aliniambia Ufagio umebadilishwa, Daktari. Kwamba wa siku hizi hauwadhuru tena wagonjwa, na wakishafagiwa wataruhusiwa kurudi makwao."

"Ukamwamini."

"Mama yangu yuko wodi ya pili," Saumu alisema. "Ningeingiaje humu kama nisingemwamini?"

Alikuwa binti wa Bi Tatu Shemdolwa, mwalimu mkuu mstaafu mwenye saratani ya titi iliyohamia mapafuni. Siku aliyofika alimkumbatia mama yake mbele ya watu, na wodi nzima ililia kwa furaha. Hidaya naye alilia. Alipokumbuka hilo, ghadhabu yake ikamwacha Saumu ikashuka mlimani yenyewe kumtafuta Kalumuna.

Aliwaambia wagonjwa wote mchana huohuo, ukumbini, wakiwa wamekaa kwenye viti vya Mzee Kupaza. Hakuwapamba maneno. Akasema wamefagiwa, akasema ni kwa kusudi, akamtaja aliyeamuru. Akasema kwa baadhi yao dawa zitakoma kufanya kazi katika miezi michache, na kwa wengine zimekwisha kukoma. Watu walimsikiliza kama wanafunzi wanaosomewa matokeo ya mtihani. Saumu alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha mama yake. Bi Tatu alikuwa ameuweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe na hakuuondoa muda wote.

Mzee Kupaza ndiye aliyeuliza kuhusu Kifuniko.

Hakuna aliyekuwa hajui habari za Kifuniko. Hidaya alikuwa amekitengeneza mwenyewe zamani, alipokuwa bado kijana pale Taasisi, kama tahadhari iwapo Ufagio ungegeuka sumu. Zilikuwa RNA fupi zilizotungwa zishikamane na Ufagio na kuukatakata. Na kwa kuwa Ufagio ulitembea, Kifuniko nacho alikipa miguu, kiufuate kila ulikokwenda. Kichupa kimoja kilikuwa kimelala kwenye jokofu la maabara. Akikivunja na kukivuta pumzi, nyumba nzima ingepona Ufagio katika siku chache. Kisha kingeshuka na upepo na watu hadi Lushoto, hadi Korogwe, hadi kokote. Kila mtoto aliyezaliwa chini ya kinga ile angebaki bila kinga.

"Kivunje," Mzee Kupaza alisema. "Mimi nilikubali kufungiwa huku kama mwizi ili wajukuu zangu wawe salama. Nilikubali kwa kinywa changu, hakuna aliyenilazimisha. Lakini sikukubali kufuatwa hadi huku. Waliovunja mapatano ni wao."

"Waliovunja ni mtu mmoja," Bi Tatu alimjibu, "na wewe unataka kuwaadhibu watoto wa wilaya nzima. Nimefundisha miaka yangu yote, mzee mwenzangu. Nimewaona watoto wakija darasani mashavu yamevimba kwa saratani ya taya, wenzao wakiwacheka, halafu hawaji tena. Usiniambie habari za mapatano."

Waligombana hivyo mpaka chai ikapoa, na wengine wakaingia, huyu upande huu, yule upande ule. Mzee mmoja alisema yeye anataka kwenda kwake tu, akafe anakojua majina ya mbuzi. Mwanamke mmoja alisema hatoki na hafi. Mwishowe wakamgeukia Hidaya na kumuuliza atafanya nini, naye akawaambia ukweli, kwamba hajui. Ilikuwepo njia ya tatu, lakini haikuwa mikononi mwake. Kifuniko kingeweza kukatwa miguu. Kikikatwa miguu, kingedungwa kwa sindano, kikabaki ndani ya mwili wa mgonjwa bila kwenda kwa jirani. Mashine ya kukitengeneza namna hiyo ilikuwa moja tu, chini Lushoto, Taasisi. Hidaya alikuwa ameiomba mwaka baada ya mwaka, na Kalumuna alikuwa amemkatalia mwaka baada ya mwaka, kwa upole.

Asubuhi yake alikitoa kichupa kwenye jokofu, akakitia kwenye chombo chake cha chuma, akakiweka kifuani ndani ya koti. Hakuwa na haja ya kuogopa kushuka. Alikwisha kufagiwa kama wao.

Alishuka na gari la mboga. Mji ulikuwa umekua. Sokoni wanawake walimwaga mapeasi na kabichi juu ya magunia, na mmoja wao, aliyekuwa mgonjwa wake wa zamani wa kisukari, alimtambua, akamkumbatia, akamshika uso kwa viganja viwili akimwuliza alikopotelea. Hidaya alikuwa amesahau jinsi mkono wa mtu ulivyo na joto. Alisimama pale akashikwa, na hasira ikampanda zaidi, kwa sababu hata hiyo ilikuwa zawadi ya Kalumuna, naye hakuiomba.

Wanafunzi walikuwa wakielekea shule, makundi kwa makundi, sweta za kijani. Akajikuta akiwatazama mashavu. Hakuna aliyevimba. Hata mmoja.

Profesa Gervas Kalumuna alimpokea mlangoni pa ofisi yake, akamwita dada, akamkalisha. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi, asiyepandisha sauti. Juu ya meza yake palikuwa na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi kwao Bukoba, akamsogezea mgeni. Hidaya hakuchukua. Kalumuna aliutazama mkono wake uliobaki mapajani, akaelewa ametukanwa, akairudisha kahawa taratibu.

Hakukana lolote. Alieleza kama mtu anayeeleza mpango wa kujenga choo. Nyumba ya Juu ilikuwa imebaki na wagonjwa wachache, na kila mwaka walipungua. Watu wale walikuwa wakifa polepole nyuma ya kioo, wajukuu zao hawajui hata harufu yao. Yeye amewapa ruhusa ya kufa wakiwa wameshikwa mikono na watu wao. Angefanya hadharani kungekuwa na kamati, na wanasheria, na kelele, na wangekufa palepale dirishani wakisubiri kelele ziishe.

"Hukuwauliza," Hidaya alisema.

"Ningewauliza wangesema nini? Mtu akiulizwa kama anataka kufa atasema hapana, hata kama anachokiita uhai ni kukaa kwenye kiti akiangalia barabara."

"Basi hilo ndilo jibu lao, Profesa. Ulilijua, ndiyo maana hukuuliza."

Hidaya akamwambia anachotaka: mashine iwashwe leo, Kifuniko kikatwe miguu, kila mgonjwa adungwe. Akamwambia anajua kwa nini imekataliwa miaka yote hiyo. Taasisi iliwaambia watu kwamba Ufagio haujamdhuru mtu, na sindano ya kuuzima ingekuwa ushahidi mkononi mwa kila mgonjwa kwamba umedhuru.

"Hiyo ni sababu moja," Kalumuna alisema, "na sioni haya nayo. Lakini unaijua ya pili kuliko mimi. Kifuniko kisicho na miguu kikikutana na Ufagio wenye miguu ndani ya mwili mmoja, kinaweza kuiazima. Si rahisi, lakini inaweza kutokea. Ikitokea kwa mgonjwa mmoja tu, kinga yote imekwenda. Nilimzika mwanangu Muganyizi akiwa na miaka sita. Uvimbe wa taya ulifunga jicho, halafu ukafunga koo. Sitawasha mashine ile ili wazee wako waongeze misimu michache."

Ilikuwa kweli, na Hidaya aliijua. Alikuwa ameipigia hesabu hatari hiyo mara nyingi, akaiona ni ndogo, lakini kila mara hesabu ilikataa kufika sifuri. Angeweza kubishana naye kitaalamu mpaka jioni. Badala yake alifungua koti, akatoa chombo cha chuma, akazungusha mfuniko wake, na kukitoa kichupa. Kilikuwa chembamba kama kidole cha mwisho cha mtoto. Akakishika kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mahali ambapo kioo ni dhaifu.

Kalumuna alikijua. Uso wake ulibadilika rangi, kisha ukarudi.

"Hiki kina miguu," Hidaya alisema. "Nikikivunja hapa, wewe na mimi tunakuwa wa kwanza kukibeba. Mpaka Ijumaa kimefika sokoni. Unachokiogopa kitokee kwa bahati mbaya, mimi nitakifanya kwa makusudi. Au uwashe mashine."

"Huwezi."

"Uliweza wewe."

"Mimi nilikuwa na wagonjwa nisiowajua kwa majina. Wewe una binti, na ana mimba." Alisema hivyo bila dhihaka, kama anayemkumbusha mtu mwavuli wake. "Yuko hapa nje, Hidaya. Mlinzi wa getini alimpigia simu kwamba mama yake ameshuka. Nilimwona akipita dirishani. Mlango huo haujafungwa kwa ufunguo."

Na kweli mlango ukafunguka, na Mwajabu akaingia akihema kwa kupanda ngazi, khanga ya pili imefungwa juu ya tumbo, uso wote umejaa furaha. Alikuwa amekwisha kunyoosha mikono. Alisema "Mama," kisha akaona kilichokuwa kati ya vidole vya mama yake. Alikua katika nyumba ya mtafiti, hakuhitaji kuelezwa. Alisimama. Mikono ikashuka yenyewe, ikajikusanya juu ya tumbo.

Hidaya alikuwa na nafasi ya kukiweka chini. Chumba kizima kilimngojea akiweke chini. Mwanawe alikuwa mbele yake, bila kioo, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Alimwona alivyonenepa mashavu, alivyosuka nywele. Akamfikiria pia Mzee Kupaza akitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari, na Saumu akiwa amepiga magoti, na ghadhabu ikasimama ndani yake kama nguzo, ikaushikilia mkono pale ulipokuwa. Hakukiweka. Hakumtazama Kalumuna tena. Alimtazama Mwajabu, na vidole vyake vikabaki vimekaza.

Kalumuna aliwatazama wote wawili, mama na mtoto, muda mrefu. Kisha akavuta simu ya mezani na kuwapigia mafundi wa maabara. Akawaambia wawashe mashine.

Alipokata simu, Mwajabu hakuwepo. Waliisikia tu milango ya ngazi ikijifunga, mmoja baada ya mwingine.

Kazi ilichukua wiki kadhaa. Hidaya alikaa Taasisi muda wote, akala pale, akalala kwenye benchi la maabara, kichupa kikiwa mwilini mwake kila saa, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Mafundi walimwamkia kwa adabu ya woga. Saumu ndiye aliyepandisha sindano za kwanza Magamba na kuzidunga kwa mkono wake, akianza na wengine na kummalizia mama yake, kwa sababu Bi Tatu alikataa kutangulia. Wote walipokwisha kupata sindano, Hidaya alikitia kichupa kwenye tanuri la hospitali, akasimama mpaka kikaisha.

Kwa wengi Kifuniko kilifanya kazi. Ufagio ulikatika katika damu zao, uvimbe ukakosa cha kujilisha, na vidonge vikaanza tena kuubana. Na kwa kuwa kila mmoja sasa alikuwa na kinga ya kumkinga na pumzi za wenzake, kioo hakikuwa na kazi tena. Nyumba ya Juu ikafungwa kama Kalumuna alivyotaka, ila watu walitoka wakiwa hai. Bi Tatu alirudi kwake, akaanza kuwafundisha watoto wa jirani hesabu kibarazani bila kuombwa.

Mzee Kupaza sindano ilimkuta amechelewa. Ini lilikuwa limekwisha. Walimshusha hadi nyumbani kwa mwanawe wa kwanza, wakamlaza sebuleni, wajukuu wakamzunguka. Kila walipomshika mkono aliuvuta. Mwanawe alidhani ni maumivu, akamwuliza Hidaya kama kuna dawa. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwambia Hidaya sababu, kwa sauti iliyobaki: yule Profesa alitaka afe ameshikwa mkono, naye hakuwa tayari kumpa hilo. Alikufa viganja vyake vimefichwa chini ya blanketi.

Wizara iliunda tume. Tume ilikaa, ikala, ikaandika kwamba zoezi la kuifunga Nyumba ya Juu lilikuwa na changamoto lakini lilifanikiwa. Kalumuna alistaafu kwa heshima. Walimfanyia sherehe, wakampa ngao ya mbao na saa ya ukutani. Hidaya alifutiwa leseni kwa kutishia afya ya umma, na alipoambiwa hivyo alicheka mbele ya tume nzima, kicheko kibaya kilichowafanya watazame makaratasi yao. Kila mwezi Taasisi iliwapima watoto wa shule kuona kama Kifuniko kimeazima miguu. Mpaka hapo kilikuwa hakijaazima. Hidaya aliyasubiri matokeo hayo kila mwezi akiwa hawezi kula.

Mwajabu alijifungua mtoto wa kike. Habari Hidaya alizipata kwa watu. Alituma nguo, zikapokelewa. Alituma salamu, hazikujibiwa. Alingoja arobaini ipite, akaenda.

Mkwewe alimfungulia, akamwamkia vizuri, akajifanya ana shughuli uani. Mwajabu alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, mtoto amemlalia kifuani. Salamu ziligeuzwa: Hidaya ndiye aliyetangulia kusema hujambo mwanangu, naye akajibu sijambo, shikamoo. Hakumwambia asogee. Hidaya akakaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Nina swali moja," Mwajabu alisema. "Siku ile. Angekataa, ungekivunja?"

Hidaya alikuwa ameliandaa jibu la swali hilo miezi yote. Lilikuwa jibu zuri. Lilisema kwamba ule ulikuwa mchezo wa kumtisha mtu katili, kwamba mama hawezi. Alimtazama mtoto, sikio lake lilikuwa dogo, limekunjamana upande mmoja kwa kulaliwa. Akaona kwamba akilitoa jibu lile, atakuwa amewaamulia watu hawa wawili wanachostahili kujua, kama walivyoamuliwa wengine.

"Ningekivunja," alisema.

Mwajabu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa anajua. Macho yake yalikuwa makavu na yenye hasira, hasira ambayo Hidaya aliifahamu vema, maana ilikuwa ya kwake mwenyewe kwenye uso mwingine. Akamhamisha mtoto bega la pili, lililo mbali na mlango, akamfunika mgongo kwa khanga.

"Chai imo kwenye chupa," alisema. "Kunywa, kisha uende."

Hidaya alimimina kikombe. Aliinywa kidogo kidogo, akimtazama mtoto kutoka kule kwenye kiti, kwa sababu hakuambiwa ainywe haraka.